Asidi ndogo, hasara kubwa: Jinsi uchafu wa asidi unavyopimwa katika betri za lithiamu

Na MWANDISHI WETU

MHUDUMU wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya umeme kati ya Kitengela na Athi River hajui, wala halazimiki kujua, kilichomo ndani ya betri iliyo chini ya kiti chake. Anachojua ni kwamba betri ikiwa nzima atafika aendako na kurudi, nayo ikizeeka kabla ya wakati atasukuma pikipiki kando ya barabara ya Namanga huku abiria akitafuta usafiri mwingine.

Hata hivyo, uhai wa betri hiyo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kitu kidogo mno ambacho hupimwa kiwandani kabla ya betri kufungwa. Kitu hicho ni asidi iliyojificha ndani ya elektroliti, yaani majimaji yanayopitisha chaji za umeme kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine.

Makala haya yanaeleza asidi hiyo ni ipi, hutoka wapi, hupimwa vipi, na kwa nini upimaji wake ni kazi ngumu kuliko unavyoonekana. Aidha, yanaeleza ni kwa nini fundi wa mtaani hapaswi kamwe kuifungua betri ya lithiamu kwa nia ya kuikagua.

Si 'maji ya betri' ya kawaida

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kajiado wameizoea betri ya risasi, ile inayotumiwa katika magari na ambayo kwa miaka mingi ilihifadhi umeme wa sola katika maboma yasiyofikiwa na stima. Katika betri hiyo, asidi ndiyo mfanyakazi mkuu. Betri ikiwa imejaa chaji, zaidi ya thuluthi moja ya uzani wa majimaji yake huwa ni asidi ya salfuriki. Fundi huipima kwa haidromita, huongeza maji yaliyosafishwa yakipungua, kisha hufunga vifuniko na kazi ikaendelea.

Betri ya lithiamu ni kinyume kabisa. Humo, asidi si mfanyakazi bali ni adui. Elektroliti yake haina maji, na maji yakiingia ndimo uharibifu huanzia. Majimaji yake ni mchanganyiko wa viyeyushi vya jamii ya kaboneti, mathalan ethilini kaboneti na daimethili kaboneti, ambamo huyeyushwa chumvi iitwayo lithiamu heksaflorofosfeti. Kwa kawaida, kila lita moja huwekwa takriban gramu 150 za chumvi hiyo.

Kila chembe ya chumvi hiyo ina atomu moja ya lithiamu, moja ya fosforasi na sita za florini. Ni hizo atomu sita za florini zinazostahili kuangaliwa, kwa kuwa ndizo mzizi wa asidi tunayoizungumzia.

Kampuni ya Sony ya Japan ilianza kuuza betri za lithiamu mwaka wa 1991. Wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walituzwa Nobeli ya Kemia mwaka wa 2019 kwa kazi iliyozizaa betri hizo. Kwa miongo yote hiyo, chumvi hii imebaki kuwa chaguo la viwanda vingi kwa sababu hupitisha chaji vyema na husaidia kuikinga karatasi ya alumini iliyo ndani ya betri isiliwe. Lakini ina udhaifu wa aina mbili: haivumilii maji wala joto.

Asidi huzaliwa vipi?

Chumvi hiyo inapopata joto, sehemu yake hugawanyika na kutoa gesi ya fosforasi pentafloridi. Gesi hii ni kali na ina uchu wa maji. Ikikutana na unyevu wowote, hata ule mdogo uliosalia katika kiyeyushi au uliofyonzwa na vifaa vya kiwandani, huzalisha asidi ya haidrofloriki.

Hesabu yake ni rahisi. Katika hatua ya kwanza ya mmenyuko huo, chembe moja ya maji huzaa chembe mbili za asidi. Kwa uzani, gramu 18 za maji zaweza kuzaa gramu 40 za asidi. Kwa hivyo, kilo moja ya elektroliti iliyo na miligramu 20 tu za maji yaweza hatimaye kuwa na takriban miligramu 44 za asidi ya haidrofloriki, hata ikiwa haikuwa na asidi yoyote hapo mwanzo.

Ndiyo maana wanakemia wa betri husema kwamba anayepima asidi leo bila kupima maji amepima nusu ya tatizo. Maji ya leo ni asidi ya kesho.

Ubaya zaidi ni kwamba asidi hii hujizalishia chakula chake. Inaposhambulia oksidi za metali zilizo katika upande chanya wa betri, mojawapo ya mazao ya mmenyuko huo ni maji. Maji hayo nayo huvunja chumvi zaidi na kuzaa asidi mpya.

Mfano wa gunia la mahindi

Vipimo ambavyo wauzaji wengi wa elektroliti huandika katika hati zao ni maji yasiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo, na asidi isiyozidi miligramu 50 kwa kila kilo. Baadhi ya watengenezaji wa betri hudai viwango vya chini kuliko hivyo.

Ili kupata taswira ya udogo huo, tuchukue gunia la mahindi la kilo 90. Miligramu 50 kwa kila kilo ni sawa na gramu 4.5 katika gunia zima, yaani punje 12 hivi za mahindi. Mpimaji anatakiwa kueleza kwa uhakika iwapo ndani ya gunia mna punje 12 zilizooza au 20, bila kulimwaga gunia lenyewe na bila kuozesha punje nyingine anapolichunguza.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha ugumu wa kazi hii, kama tutakavyoona.

Madhara kwa mtumiaji

Asidi ikizidi, hudhuru betri kwa njia kadhaa. Kwanza, hula oksidi za metali katika upande chanya. Betri zenye manganisi huathirika zaidi. Manganisi huyeyuka, husafiri hadi upande hasi, hutua juu ya grafiti na kuharibu utando mwembamba unaoilinda. Utando huo ukiharibika, betri hutumia lithiamu yake kuujenga upya, na kila lithiamu inayotumika hivyo haitarudi tena kuhifadhi umeme.

Betri za lithiamu na chuma fosfeti, ambazo hutumika katika mabasi na pikipiki nyingi za umeme, huvumilia zaidi. Hata hivyo, nazo hazina kinga kamili, kwani asidi huweza kuyeyusha chuma kidogo kidogo na kuleta madhara yayo hayo.

Pili, asidi hushambulia utando huo wa upande hasi moja kwa moja. Tatu, mienendo hii huzaa gesi, na seli zenye mfuko laini huanza kuvimba. Anayeendesha pikipiki huyaona haya yote kwa sura moja tu: betri iliyokuwa ikimfikisha Kajiado mjini sasa inaishia Isinya.

Joto huharakisha mambo haya yote. Betri iliyoachwa juani mchana kutwa huko Magadi, ambako joto hupita nyuzi 35 za Selsiasi, huzeeka upesi kuliko iliyo kivulini Ngong, hata zikiwa zimetoka katika kiwanda kimoja siku moja.

Kwanza hupimwa maji

Kwa kuwa maji ndiyo mama wa asidi hii, maabara huanza nayo. Njia itumikayo duniani kote inabeba jina la mwanakemia Mjerumani Karl Fischer, aliyeichapisha mwaka wa 1935. Hutegemea mmenyuko wa iodini na salfa dayoksaidi, ambao hauendelei pasipo maji. Kila chembe ya maji hutumia chembe moja ya iodini.

Kwa viwango vidogo kama vya elektroliti, iodini haimiminwi kutoka kwenye chupa. Huzalishwa na mkondo wa umeme ndani ya chombo chenyewe, na mtambo huhesabu umeme uliotumika. Kila miligramu moja ya maji huhitaji kulombi 10.71 za umeme. Maji yakiisha, iodini hubaki bila mshirika, mtambo huitambua na kusimama. Kwa njia hii hata sehemu ndogo ya miligramu huweza kuhesabiwa.

Sampuli huchukuliwa kwa sindano ndani ya kasha lililojaa gesi ya agoni, au katika chumba kilichokaushwa hewa. Hewa ya kawaida ya Kitengela, hata wakati wa kiangazi, ina unyevu mwingi mno kwa kazi hii. Vyumba vya kuundia betri hukaushwa kiasi kwamba umande hauwezi kutokea hadi joto lishuke kufikia nyuzi 40 chini ya sufuri au zaidi ya hapo.

Kisha asidi yenyewe

Njia kongwe na ya gharama nafuu ya kupima asidi ni titresheni, ambayo kila mwanafunzi wa kemia wa shule ya upili ameifanya. Asidi isiyojulikana kiasi chake hutiwa alkali inayojulikana nguvu zake, tone baada ya tone, mpaka rangi ya kiashiria ibadilike. Kutokana na kiasi cha alkali kilichotumika, kiasi cha asidi hukokotolewa.

Tuchukue mfano. Mpimaji anapima gramu 10 za elektroliti yenye miligramu 50 za asidi kwa kila kilo. Ndani ya sampuli hiyo mna nusu miligramu tu ya asidi ya haidrofloriki. Akitumia alkali yenye nguvu ya moli 0.01 kwa lita, atahitaji mililita 2.5 kuimaliza. Hiki ni kiasi kinachoonekana vizuri kwenye bureti, hivyo hesabu haina taabu.

Taabu iko kwingine. Ikiwa titresheni hiyo itafanywa ndani ya maji kama ile ya darasani, maji yaleyale yatavunja chumvi ya lithiamu na kuzaa asidi mpya wakati mpimaji angali anahesabu matone. Gramu 10 za elektroliti zina chumvi nyingi mno ikilinganishwa na asidi: kwa kila chembe moja ya asidi, kuna zaidi ya chembe 300 za chumvi. Endapo chembe moja tu katika kila 1,000 za chumvi itavunjika wakati wa kupima, jibu litapanda kwa angalau miligramu 33 kwa kilo. Elektroliti iliyokuwa na miligramu 50 itasomeka kuwa na 83, na shehena nzuri itakataliwa bila kosa.

Dalili ya mtego huu huonekana kwa macho. Rangi ya kiashiria hubadilika kuonyesha kwamba kazi imekwisha, kisha baada ya sekunde chache hurudi ilivyokuwa. Mpimaji asiye mzoefu huongeza tone, rangi hurudi tena, naye huongeza jingine. Anadhani anapima asidi iliyokuwamo, kumbe anapima anayoizalisha mwenyewe.

Kuna njia mbili za kuukwepa mtego huo. Ya kwanza ni baridi na wepesi. Sampuli hutiwa katika maji yenye barafu, kiashiria kikiwa bromothaimoli buluu, na alkali ya haidroksaidi ya sodiamu hudondoshwa haraka. Mabadiliko ya kwanza ya rangi yanayodumu kwa muda uliowekwa huchukuliwa kuwa mwisho. Baridi hupunguza kasi ya kuvunjika kwa chumvi, ingawa haiisimamishi kabisa.

Ya pili ni kuyaacha maji kabisa. Sampuli huyeyushwa katika kiyeyushi kikavu, na alkali itumikayo ni ya kikaboni, mathalan trietilamini. Mwisho wa mmenyuko hutambuliwa kwa kiashiria cha rangi au kwa elektrodi. Njia hii humlinda mpimaji dhidi ya kuzalisha asidi, lakini humdai vifaa vikavu na mkono uliozoea.

Ikumbukwe pia kwamba titresheni haitofautishi asidi moja na nyingine. Asidi zinazotokana na fosforasi, na hata ile gesi ya pentafloridi, huweza kula alkali vilevile. Ndiyo sababu hati za wauzaji huandika 'asidi huru, ikihesabiwa kama haidrofloriki'. Maana yake ni kwamba jumla yote imepewa jina la mmoja wao.

Kipimo kinachofahamika Kajiado

Anayetaka kujua floraidi pekee ana njia nyingine, na hii inawahusu wakazi wa Kitengela kwa karibu kuliko wanavyodhani. Ni elektrodi ya floraidi, iliyobuniwa na Martin Frant na James Ross nchini Marekani na kutangazwa mwaka wa 1966. Moyo wake ni fuwele ya lanthanamu floridi, ambayo huruhusu ioni za floraidi kupenya lakini huzizuia nyingine nyingi.

Elektrodi ya aina hiyo ndiyo hutumika sana kupima maji ya visima. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na viunga vyake, Kajiado ikiwemo, maji hupita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya hudhurungi, na kwa viwango vya juu zaidi mifupa huathirika.

Ni muhimu kutochanganya mambo hapa. Floraidi ya kisimani si asidi, na kisima hakina uhusiano wowote na betri. Kinachofanana ni ioni inayopimwa na chombo kinachoipima. Maabara iliyozoea kupima visima tayari ina sehemu ya ujuzi unaohitajika.

Hata hivyo, kuna tahadhari. Ili elektrodi isome, elektroliti sharti ichanganywe na maji yenye dawa ya kutuliza kiwango cha asidi, na hapo mtego wa maji kuvunja chumvi hurejea. Fauka ya hayo, elektrodi husoma floraidi yote iliyo huru, hata ile iliyotokana na lithiamu floridi ambayo si asidi. Jibu lake halilingani moja kwa moja na la titresheni.

Maabara zenye uwezo mkubwa hutumia mitambo ya kuchunguza viini vya atomu za florini ndani ya sumaku yenye nguvu. Mtambo huo huonyesha kila kiwanja cha florini kwa alama yake: chumvi nzima, asidi ya haidrofloriki, na mabaki yenye fosforasi. Nyingine hutumia kromatografia ya ioni, ambayo hutenganisha ioni moja baada ya nyingine. Bei ya mitambo hiyo ndiyo sababu titresheni ingali hai viwandani.

Kwa nini chupa ya kioo haifai

Kitengela inajulikana kwa karakana zinazoyeyusha vioo chakavu na kuvigeuza kuwa bilauri, taa na mapambo. Wanaoifahamu kazi hiyo wanajua jinsi kioo kinavyostahimili vitu vingi, hata asidi kali za maabara. Asidi ya haidrofloriki ni tofauti. Hukila kioo, na ndiyo hutumika kuchora maandishi juu ya vioo vya madirisha na bilauri.

Kwa sababu hiyo, sampuli ya elektroliti haihifadhiwi katika chupa ya kioo. Asidi ikigusa silika iliyo katika kioo hutokea mambo mawili: sehemu ya asidi hupotea, hivyo jibu huwa la chini kuliko ukweli, na maji huzalishwa, ambayo huvunja chumvi na kuzaa asidi nyingine. Sampuli iliyokaa wiki moja katika chupa ya kioo haiwezi kueleza ukweli wa upande wowote. Hutumiwa vyombo vya plastiki ngumu ya jamii ya polithini au teflon, au mikebe ya alumini, navyo hukaushwa kwanza.

Rangi nayo husaidia. Elektroliti mpya huwa angavu kama maji. Ikigeuka manjano au hudhurungi, ni ishara kwamba kuvunjika kumeanza, na mpimaji hana budi kutilia shaka hifadhi yake kabla hata hajashika bureti.

Kutoka Kerio hadi Magadi

Kemia hii ya mbali ina mizizi karibu na nyumbani. Florini yote iliyo katika chumvi ya betri huanzia kwenye jiwe, na jiwe kuu la florini ni florspa, yaani kalsiamu floridi. Florspa ikichanganywa na asidi ya salfuriki hutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo hutumika kutengenezea chumvi ya lithiamu. Kenya ilichimba florspa kwa miongo mingi huko Kimwarer katika Bonde la Kerio, kabla ya kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi huo kusitisha shughuli katika miaka ya 2010.

Kajiado nayo ina Ziwa Magadi, ambako uchimbaji wa magadi wa kibiashara ulianza mwanzoni mwa karne ya 20. Zao lake, kaboneti ya sodiamu, ni kemikali ileile ambayo viwanda vya lithiamu duniani hutumia kuitenga lithiamu kaboneti kutoka katika maji yenye chumvi ya lithiamu. Kaboneti hiyo ya lithiamu ni mojawapo ya malighafi kuu za betri.

Nayo asidi ikimwagika, chokaa huinasa na kuigeuza kuwa kalsiamu floridi, yaani florspa ileile iliyochimbwa mlimani.

Mnunuzi na fundi wafanyeje?

Kenya imeingia katika usafiri wa umeme kwa kasi. Mabasi ya umeme yalianza kuhudumu Nairobi mwaka wa 2022, na mwaka wa 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi ilianzisha bei maalumu ya stima kwa magari na pikipiki za umeme. Lakini seli zilizomo ndani ya betri hizo huagizwa kutoka ng'ambo, hasa China. Kinachofanyika hapa nchini kwa kawaida ni kuziunganisha ziwe betri kamili.

Kwa hivyo, asidi hupimwa mbali na hapa, kabla ya seli kufungwa. Anayeagiza seli kwa wingi anapaswa kudai hati ya uchunguzi wa elektroliti inayoonyesha mambo manne: kiwango cha maji, kiwango cha asidi, njia iliyotumika kupima, na tarehe ya kupima. Nambari ya asidi isiyotaja njia ya kupima haina uzito, kwa sababu tulizokwisha kueleza.

Isitoshe, wengi huonyeshwa hati ya vipimo vya Umoja wa Mataifa vya usafirishaji, vijulikanavyo kwa nambari 38.3, wakadhani imethibitisha kila kitu. Vipimo hivyo huchunguza iwapo betri itastahimili mtikisiko, joto, shinikizo dogo la hewa na shoti ikiwa safarini. Havisemi lolote kuhusu kiasi cha asidi wala miaka ambayo betri itaishi.

Mhudumu wa bodaboda hana namna ya kupima asidi, lakini anaweza kupunguza kasi ya kuzaliwa kwake. Betri iwekwe kivulini. Isichajiwe ikiwa ingali moto kutokana na safari. Isioshwe kwa maji ya shinikizo. Ikivimba, ikipasuka au ikitoa harufu tamu ya dawa kama ya kutengenezea rangi, isitumike tena. Irudishwe kwa aliyeiuza au kituo cha kubadilishia betri.

Kwa fundi, onyo ni fupi: betri ya lithiamu haifunguliwi ili kuongezwa 'maji'. Karatasi ya litmasi nayo haiwezi kuonyesha chochote cha maana, kwani pindi hewa inapoingia, unyevu wake huanza kuzalisha asidi. Atakachokiona fundi ni matokeo ya kuifungua betri, wala si hali iliyokuwa nayo.

Hatari kwa mwili

Kiasi cha asidi kilichomo katika betri nzima iliyotengenezwa vyema ni kidogo sana. Hatari huja betri inapopasuka au kuungua, chumvi yote inapopata joto na unyevu kwa pamoja. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka wa 2017 katika jarida la Scientific Reports ulipima kati ya miligramu 20 na 200 za gesi ya haidrofloriki kwa kila wati-saa ya betri zilizochomwa. Kwa kipimo hicho, betri ya pikipiki ya wati-saa 2,000 yaweza kutoa kati ya gramu 40 na 400. Moshi wa betri inayoungua basi si wa kusogelewa ili kutazama wala kupiga picha. Watu waondoke kuelekea upande ambako upepo unatoka, na kikosi cha zimamoto kielezwe mapema kwamba kinachoungua ni lithiamu.

Asidi hii ikigusa ngozi hupenya ndani na kunasa kalsiamu ya mwili. Ikiwa hafifu, maumivu yaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku nzima, na mtu akadhani amesalimika. Sehemu iliyoguswa ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, nguo zilizolowa zivuliwe, na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja huku wahudumu wakielezwa kwamba huenda ni asidi ya haidrofloriki. Tiba yake maalumu ni jeli ya kalsiamu glukoneti, nayo haitolewi ikiwa daktari hajui alichokutana nacho mgonjwa.

Betri zilizokwisha kazi nazo hazifai kutupwa jalalani au kuteketezwa pamoja na takataka. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imewatwika watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapogeuka taka. Kenya ilikwisha kuona gharama ya kulipuuza jambo hili huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilichafua makazi ya watu, na mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Sumu ya pale ilikuwa risasi, wala si asidi hii, lakini funzo ni moja.

Mhudumu wetu wa Kitengela ataendelea kuamini betri iliyo chini ya kiti chake pasipo kuiona ndani. Imani hiyo ni halali ikiwa mahali fulani, ndani ya chumba kikavu, kuna mtu aliyehesabu matone yake vyema, akatambua rangi ilipobadilika kwa haki, na akaandika nambari ya kweli. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika betri ya lithiamu, ufa huo ni punje 12 katika gunia la mahindi.